Mshipi Haunyooki: Matatizo ya Anayeanza Kurusha Fimbo ya Nzi Bandia na Chanzo Chake

Aliyezoea mshipi wa chubwi anajua kwamba kinachokwenda mbali ni risasi. Mshipi unaifuata tu. Kwenye uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Nzi ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano, na hana uzito wa kumfikisha hata hatua tano. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ule mnene wenye ganda la plastiki. Mshipi namba 5 (namba hutaja uzito wa mshipi) una gramu 9 hivi katika mita 9 zake za mwanzo. Chukulia basi kwamba chubwi yako ina urefu wa mita 9. Chubwi ya namna hiyo hairushiki ikiwa imejikunja. Kwanza inyooke nyuma yako, ndipo fimbo ipate kitu cha kuvuta, ijipinde, na iupeleke mshipi mbele.

Kwa hiyo dawa ya mrusho mbaya wa mbele mara nyingi iko nyuma ya mgongo, mahali ambapo anayeanza haangalii kabisa. Ukiwa na tatizo lolote kati ya haya yaliyomo hapa, anza kwa kugeuza shingo.

Vipimo vyote vinachukulia fimbo ya futi 9 (mita 2.7) namba 5, mshipi namba 5 unaoelea ambao uzito wake umewekwa mbele, na lida ya futi 9. Lida ni ule uzi wa nailoni usioonekana majini, mnene upande wa mshipi na mwembamba upande wa nzi. Ya 5X (X ni kipimo cha unene wa ncha) ina unene wa milimita 0.15 kwenye ncha. Maelezo pia ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Kabla ya kulaumu mkono

Angalia vifaa. Ni dakika tano tu, na kuna watu wamehangaika wiki nzima kwa sababu ya pete moja.

Fimbo ina vipande viwili hadi vinne. Funga macho upande mmoja uangalie kama unavyoangalia unyoofu wa mbao: pete zote ziwe kwenye mstari mmoja. Kipande kilichozunguka kidogo kinaupeleka mshipi pembeni. Kipande kinacholegea katikati ya mazoezi kinaweza kuruka pamoja na mshipi, au kupasua kiungio. Pakaa nta ya mshumaa kidogo kwenye upande unaoingia, kisha unganisha kwa kusukuma huku ukizungusha robo mzunguko.

Unapopitisha mshipi kwenye pete, usishike ncha ya lida. Kunja mshipi mnene mara mbili, upitishe huo mkunjo pete kwa pete. Ukikuponyoka mkononi, mkunjo unafunguka na kukwama kwenye pete iliyo karibu. Ncha ya lida ikiponyoka, yote inateleza hadi chini na unaanza upya. Ukimaliza hesabu pete. Anayeanza huruka moja, kwa kawaida zile ndogo za juu, na mshipi unakwaruza fimbo kila anaporusha.

Mshipi uliokaa kwenye rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, miezi mitatu hutoka umejikunja kama springi. Vuta mita 12 nje, umpe mwenzako ashike upande mmoja, mwuvute taratibu kwa sekunde 15 hadi 20. Ukiwa peke yako, vuta kipande kwa kipande, upana wa mikono yako miwili kila mara.

Mazoezi ya mwanzo yafanyike kwenye nyasi fupi, uwanja wa mpira kwa mfano, si kwenye lami wala changarawe, maana ganda la mshipi linachubuka. Lida ifungwe, lakini badala ya nzi mwenye ndoano funga kipande cha uzi wa sufu wa rangi kali, urefu wa sentimita 2. Usirushe bila kitu chochote kwenye ncha: lida isiyo na mzigo hata kidogo inachapa hewa na kuchanika. Kofia na miwani ni lazima hata kwa kipande cha sufu. Mwisho, tia alama kwenye mshipi kwa kalamu ya wino usiofutika, mita 9 kutoka unapoungana na lida. Mpaka mrusho uwe mzuri, alama hiyo isipite ncha ya fimbo. Pia usipunguze mno: ukiwa na mita 3 tu nje, fimbo haina kitu cha kuipinda, nawe utaanza kutumia nguvu za bure.

Saa nne na saa saba

Mwendo wa fimbo hufananishwa na mshale wa saa. Jione kama unavyoonekana na mtu aliyesimama ubavuni kwako upande wa kushoto. Fimbo ikiwa wima ni saa sita. Mrusho wa mbele unasimama saa nne, wa nyuma unasimama saa saba. Anayejifunza kwa video za Kiingereza awe mwangalifu: wao husema 10 na 1 kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata saa kumi, na mshale wa saa kumi yetu unaelekea chini, nyuma ya makalio. Huko huko ndiko mishipi ya wengi inakoishia.

Saa hizo si sheria. Kwa mshipi mfupi wa mita 6, saa tano hadi saa saba inatosha. Kwa mita 12 unahitaji nafasi zaidi, saa nne hadi saa saba na nusu, kwa kuwa fimbo inajipinda zaidi na mkono lazima usafiri zaidi. Anayeshikilia nafasi ileile kwa kila urefu atakutana na mafundo, tutayafikia.

Mshipi unaanguka mbele yangu kama lundo la tambi

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu. Vyanzo vyake ni vinne, na hutofautiana kwa kinachotokea kabla ya lundo.

Kama mshipi wa nyuma ulianguka chini kabla hujaanza kuja mbele, tatizo ni la nyuma. Ruka hadi sehemu inayofuata.

Kama nyuma ulinyooka vizuri lakini mbele kitanzi kimekuwa kipana kama mlango, fimbo haikusimama. Hapa inafaa kueleza kitanzi, kwa sababu ndicho kipimo chako cha kila siku. Mshipi ukiwa hewani hujikunja kama herufi U iliyolazwa. Mguu wa chini umeshikwa na ncha ya fimbo, mguu wa juu unakimbia ukibeba lida. Ncha ya fimbo ikipita njia iliyonyooka kisha ikasimama ghafla, miguu hiyo miwili inakaribiana, nusu mita hadi mita moja, na kitanzi kinapasua hewa. Ncha ikichora upinde kama wa mvua, miguu inaachana mita mbili au tatu, nguvu zote zinaishia kusukuma hewa, na lida haipati ya kuinyoosha. Ncha ikizama katikati ya safari kisha ikainuka, mguu wa juu unauangukia wa chini. Hizo njia tatu zinaeleza zaidi ya nusu ya matatizo yote.

Kusimama kunafanyika hivi. Mkono unaanza polepole, unaongeza kasi mfululizo, halafu unaganda. Fikiria umechovya brashi kwenye ndoo ya rangi na unataka matone yaruke yaanguke ukutani mbele yako bila kukurudia. Ukizungusha brashi, rangi inamwagika kila mahali. Ukiongeza kasi na kukata ghafla, matone yanaruka pamoja, upande mmoja. Shika mpini kwa ulegevu muda wote, kidole gumba kikiwa juu yake, na bana vidole wakati wa kuganda tu.

Chanzo cha tatu ni ulegevu wa mwanzo. Ukianza kuinua mshipi huku ncha ya fimbo ikiwa kiunoni, kuna mkunjo wa mshipi unaoning'inia kati ya ncha na maji. Robo ya kwanza ya mwendo wako, pengine nusu, inaishia kuondoa mkunjo huo. Anza na ncha ikiwa karibu kugusa maji au nyasi, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto hadi ukaze, na usianze kuongeza kasi mpaka mshipi wote unatembea. Mkono wa kushoto nao ubaki karibu na mpini. Ukibaki chini kiunoni wakati wa kulia unapanda, halafu ukaufuata baadaye, umetengeneza ulegevu mwingine kati yake na pete ya kwanza.

Cha nne ni kulenga juu. Mshipi uliolengwa mawinguni unanyookea mawinguni, kisha unarudi chini ukijikunja. Lenga usawa wa macho.

Mshipi wa nyuma unagonga nyasi

Chanzo ni kifundo cha mkono, kwa asilimia kubwa. Anayeanza anainua fimbo vizuri hadi saa sita, halafu kifundo kinavunjika kwenda nyuma na fimbo inalala hadi saa tisa. Haoni, kwa kuwa anaangalia mbele, na mkono wenyewe umesogea sentimita chache tu. Lakini sentimita 10 kwenye mpini ni zaidi ya mita moja kwenye ncha.

Kipime hivi: simamisha mrusho wa nyuma, usisogee, kisha angalia pembe kati ya kitako cha fimbo na mkono wako wa chini. Kitako kikiwa karibu na mkono, upana wa vidole viwili au vitatu, kifundo kimekaa. Kikiwa kimeachana kama mkasi uliofunguliwa, kimevunjika. Njia ya kukifundisha ni kuingiza kitako cha fimbo ndani ya mkono wa shati refu, au kukifunga kwa kitambaa kipana kilicholegea kidogo. Rusha dakika kumi hivyo. Usiendelee siku nzima, maana kifundo kinahitajika kidogo mwishoni mwa mwendo. Tunakizuia ili kisitangulie.

Chanzo cha pili ni nguvu iliyokosekana nyuma. Wengi huinua mshipi kwa upole na kuweka nguvu zote mbele. Mrusho wa nyuma unastahili nguvu zilezile na kuganda kulekule. Wazo linalosaidia: usiurushe nyuma, urushe juu, kama unataka kupiga jani la mti ulio nyuma yako.

Mlio wa mjeledi, na nzi amekatika

Umesikia "pa!" nyuma ya kichwa, na ukivuta mshipi ukakuta nzi hayupo. Umeanza kuja mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma. Ncha ya lida, ambayo ilikuwa bado inakwenda nyuma kwa kasi, imegeuzwa ghafla, na kilichoko mwishoni kimekatika.

Subiri. Hakuna idadi ya sekunde itakayokufaa kila mara, kwani mshipi wa mita 12 unahitaji muda mrefu kuliko wa mita 6. Kwa hiyo angalia. Simama mguu wa kulia ukiwa nyuma kidogo ili shingo igeuke bila taabu, fuata mshipi kwa macho, na anza kuja mbele kitanzi kinapobakiwa na mkunjo mdogo mwishoni, kama herufi J iliyolazwa. Ukisubiri hadi mkunjo huo uishe kabisa, mvutano wa dunia umeshaanza kuuvuta chini. Baada ya siku kadhaa mkono utauhisi mvuto mdogo wa mshipi ukinyooka, na hutahitaji kugeuka kila mara.

Zoezi zuri la kusubiri: rusha nyuma, kisha acha mshipi uanguke. Geuka uutazame kwenye nyasi. Umelala mnyoofu? Umejikunja wapi, katikati au mwishoni? Umeelekea kinyume cha ulikolenga mbele, au umekwenda pembeni? Kisha urushe mbele nao uuache uanguke. Mirusho ishirini ya namna hii inafundisha kuliko dakika arobaini za kupunga fimbo huku na huku.

Mafundo yanajifunga yenyewe kwenye lida

Wavuvi huyaita mafundo ya upepo. Upepo hauhusiki sana, ila kumsingizia ni rahisi. Ni fundo la kawaida, moja tu, lililojikaza kwenye nailoni, na linapunguza nguvu ya uzi kwa karibu nusu. Samaki mkubwa ndiye atakayekuonyesha lilipo.

Linatokea pale mguu wa juu wa kitanzi unapouangukia wa chini na kuukata mara mbili. Kama ilivyosemwa, ncha ya fimbo imezama kisha ikainuka. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni nguvu iliyotiwa mapema. Mkono umeruka kama uliostuliwa: fimbo imejipinda kwa ghafla mwanzoni, ncha ikashuka; nguvu zikaisha kabla ya mwisho wa safari, fimbo ikajinyoosha, ncha ikapanda. Mshipi umefuata njia hiyo ya bonde. Hii hutokea hasa mtu anapoona samaki anaruka mita 15 mbele na anataka "kumfikia". Mrusho huohuo kwa nguvu pungufu ungefika.

Ya pili ni mkono kutambaa. Umesimama vizuri saa saba, lakini wakati wa kusubiri, bila kujua, mkono umejisogeza mbele hadi saa sita. Sasa safari iliyobaki ni fupi, saa sita hadi saa nne, na unalazimika kutia nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Anayetambaa hajijui kamwe. Mpe mwenzako simu akurekodi kutoka ubavuni. Dawa ni kinyume chake: baada ya kusimama nyuma, ruhusu mkono wote upande juu na kurudi nyuma sentimita chache mshipi unapokuwa unakunjuka. Mkono unaoelekea nyuma hauwezi kutambaa mbele.

Ya tatu ni nafasi ndogo kwa mshipi mrefu. Umetoa mita tatu zaidi, lakini bado fimbo inasafiri saa tano hadi saa saba. Panua.

Zoezi la kuona haya yote ni la kulaza fimbo. Tandaza kamba mbili za mita 10 kwenye nyasi, sambamba, mita moja na nusu kati yake. Simama kamba zikienda kushoto na kulia mbele yako, laza fimbo usawa wa kiuno, na rusha kushoto na kulia ukiwa na mita 6 za mshipi, ukiuacha uanguke kila upande. Sasa vitanzi vyote viwili vinapita mbele ya macho yako kama kwenye ramani. Kitanzi kikizidi kamba kwa upana, umechora upinde. Kikijikata, punguza nguvu ya mwanzo. Humu ndimo mtu anapoanza kuelewa kinachosemwa, na kwa maoni yetu lingekuwa somo la kwanza, kabla ya kuinua fimbo juu.

Mafundo yaliyokwisha jifunga: likiwa bado halijakazwa, lifungue kwa ncha ya sindano. Likiwa limekazwa, kata na ufunge upya. Pitisha lida kati ya vidole kila robo saa.

Nzi ananipiga mgongoni, au anagonga fimbo

Nyuma na mbele haviko kwenye mstari mmoja. Mara nyingi mkono umezunguka bega: umetoka mbele ya pua, ukaishia nje kulia, na mshipi umechora duara kuzunguka kichwa. Kwenye zoezi la kuacha mshipi uanguke utauona umelala pembeni kulia badala ya nyuma kabisa. Simama sentimita 30 kutoka kwenye mstari mweupe wa uwanja na uhakikishe ncha ya fimbo inaufuata huo mstari kwenda na kurudi. Halafu lalisha fimbo nje kidogo, theluthi moja hivi ya njia kutoka wima hadi mlalo, ili mshipi upite mbali na kichwa.

Upepo wa kutoka kulia ni jambo jingine. Hapo hata mrusho safi unamsukuma nzi usoni, na ndoano haichagui. Weka mkono mbele ya paji la uso na ulaze fimbo ili ncha ipite juu ya bega la kushoto; mshipi sasa uko upande wa chini ya upepo. Au geuka, uelekee nchi kavu, na umfikishe nzi majini kwa mrusho wako wa nyuma. Ukishindwa vyote viwili, hama upande wa pili wa maji. Bonyeza pia kile kijino cha ndoano kwa koleo kabla hujaanza. Ndoano isiyo na kijino inatoka sikioni kwa kuvutwa tu.

Upepo wa mbele unataka mrusho wa nyuma wa juu na wa mbele wa chini, kitanzi chembamba, ukinyookea karibu na uso wa maji. Upepo wa nyuma ni kinyume: nyuma chini na kwa nguvu, mbele juu, upepo utamalizia.

Mshipi unapiga maji kama kofi

Umesimamisha fimbo chini mno, saa tatu na nusu au saa tatu, ukaupigilia mshipi majini. Simama saa nne, acha kitanzi kikunjuke hewani mita moja juu ya maji, na ndipo uishushe ncha ya fimbo pamoja na mshipi unaoanguka, mwendo mmoja. Wengi huchanganya kushusha huku na mrusho wenyewe. Katikati yake kuna kuganda.

Nimeachia mshipi lakini hautoki

Ulitaka mshipi wa ziada, ule ulioushika kwa mkono wa kushoto, uvutwe na kwenda mbele. Ukiachia mapema, kabla fimbo haijasimama, kitanzi kinapoteza nguvu na kila kitu kinaanguka miguuni. Achia baada ya kuganda, unapoona kitanzi kimeshatoka kwenye ncha. Anza na mita moja tu ya ziada.

Ukiachia kwa wakati na bado hautoki, angalia kama umeukanyaga. Kisha angalia kama umejizungusha kwenye kitako cha fimbo au rili. Kisha uchafu: mshipi uliojaa vumbi na ukungu wa mtoni unakwama kwenye pete na unaanza kuzama kwenye ncha. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, ufute kwa kitambaa laini. Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Mshipi umenyooka, lida haikunyooka

Nzi ni mkubwa kuliko uzi, au lida ni ndefu kwa kiwango chako. Gawa namba ya ndoano kwa tatu upate X inayofaa: nzi namba 12 anakwenda na 4X, namba 15 au 16 na 5X. Lida ikijisokota kama kamba, nzi huyo anazunguka hewani kama pia. Weka uzi mnene zaidi au badilisha nzi.

Nyuma yangu kuna vichaka, sina pa kurushia

Kwa Kenya hili si jambo la pembeni. Trauti, samaki wa maji baridi anayevuliwa kwa nzi bandia, si wa asili huko. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliwaleta 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na leo wako kwenye mito mingi inayoshuka Aberdare na Mlima Kenya, ikiwemo Chania, Thiba na Sagana. Sehemu kubwa ya mito hiyo ya juu ni myembamba, na kingo zake zimefunikwa na vichaka na mianzi. Mrusho wa saa nne na saa saba unafia kwenye tawi la kwanza.

Unaotumika ni mrusho wa kubiringisha. Vuta ncha ya fimbo polepole juu ya maji hadi ifike nyuma kidogo ya bega, saa saba hivi, ikiwa imelala nje kidogo. Simama hapo. Mshipi unaning'inia kutoka kwenye ncha na kutengeneza tumbo la herufi D nyuma ya bega, na sehemu yake ya mbele bado imelala majini. Sasa rusha mbele kama kawaida: polepole, kasi, ganda. Mshipi unabiringika juu ya maji hadi lida inyooke.

Unashindikana kwa njia chache. Ukirusha kabla mshipi haujatulia, maji hayajaushika na wote unaruka kama kamba tupu. Ukivuta kwa haraka, sehemu iliyokuwa ishikwe na maji imekurukia miguuni. D ikiwa ndogo, hakuna uzito nyuma wa kuipinda fimbo. Rudisha mkono nyuma zaidi na juu zaidi. Mbele ukiegemeza fimbo hadi chini kama unayepasua kuni, mshipi unajirundika. Ganda juu, saa nne na nusu. Na usiurushe kuupita mshipi uliolala, yaani ukiwa kulia kwako usilenge kulia kwake, utajikata na kujifunga.

Kwenye nyasi mrusho huu haukubali, kwa sababu nyasi haziushiki mshipi kama maji. Mwambie mwenzako akanyage ncha ya lida kwa kiatu laini, au weka kibao juu yake. Bora zaidi, bwawa lolote la samaki, hata la mita 12.

Mkono unauma

Unashika mpini kama unayekamua nguo, au unapunga fimbo mara nane kabla ya kumtua nzi. Mirusho ya hewani miwili inatosha, na kwa mita 9 hata mmoja. Dakika 20 kwa siku, siku nne kwa wiki, zinazidi Jumamosi nzima. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yasipuuzwe. Pumzika hadi yaishe, kisha legeza mshiko na uweke kiwiko karibu na mbavu.

Fimbo hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Usirushe chini ya nyaya za umeme hata kama uwanja mzuri uko hapo. Na ukisikia ngurumo, kama inavyotokea mara nyingi milimani alasiri, laza fimbo chini, uachane nayo na uondoke majini.